Kiingereza Usikipime kwa Sikio Peke Yake

Wewe uliyeanza kazi ya tafsiri hapa Mombasa juzijuzi, nina jambo la kukuusia. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea mteja barua ya Kiingereza yenye maneno "discuss about the cargo". Ikarudi na duara jekundu kwenye "about", kwa kuwa Kiingereza sanifu husema "discuss the cargo" tu. Nilishangaa, maana maneno hayo nimeyasikia tangu shuleni, na bandarini kila mtu huyasema.

Siku hizo nilizoea kuandika maneno kwenye Google na kutazama idadi ya matokeo. Usifanye hivyo. Idadi ile ni makadirio tu, na hujui nani kaandika, wala wapi. Kimbilia makusanyo ya matini, yale wataalamu wanayoyaita kongoo. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Waingereza, mengi ya kati ya miaka ya 1980 na 1993. COCA ni ya Wamarekani, maneno zaidi ya bilioni 1, kuanzia 1990 hadi 2019. Zote utazipata english-corpora.org, kujiandikisha ni bure, ila utafutaji wa kila siku una kikomo.

Ninayoipenda zaidi ni GloWbE. Maneno yake bilioni 1.9, yaliyotolewa mtandaoni, yamegawanywa kwa nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwemo. Soma safu ya Kenya kando ya ile ya Uingereza, ndipo utajua kama msemo ni wetu au ni wa wote. Ukiwa wetu si haramu. Muhimu ni nani atakayeisoma barua.

Jifunze pia kutumia nyota. Andika "very different *" na nyota itashika nafasi ya neno lolote. Utaona "from" imetawala kote, "to" iko zaidi kwa Waingereza, "than" kwa Wamarekani. Barua ya London na ya Chicago hazivai nguo moja.

Lakini nakusihi, usiishie kwenye idadi. Fungua mistari yenyewe ambamo msemo umetokea, soma hata ishirini. Ukitafuta "discuss about" utakutana na mtu aliyeandika "discuss about twenty cases", na hapo "about" maana yake ni takriban. Mashine imeihesabu, nawe ungeitoa kama ushahidi mbele ya mteja.

Mimi barua haitoki mezani kabla sijasoma mistari hiyo, hata kiza kiwe kimeingia na bado nina Likoni ya kuvuka.