Ninavyoifurahia Insta kwa kupiga picha za baiskeli tu

Watu wengi wanaingia Insta kusaka wafuasi, wakikosa wanasusa na kusema mtandao hauna raha. Mimi nakaa Tanga, mji wa baiskeli, na ukurasa wangu una baiskeli tu, hamna sura yangu, hamna msosi, hamna nguo mpya, ni baiskeli mwanzo mwisho, na hakuna hobi niliyowahi kuipenda kama hii. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo: tafuta kitu kimoja kilichopo mtaani kwako, unachopishana nacho kila siku, halafu komaa nacho.

Ukikomaa na kitu kimoja jicho linafunguka. Zile Phoenix nyeusi kwa mbali zinafanana zote, ila sogea karibu uone, huyu siti kaivalisha kipande cha khanga, yule keria yake kaiongeza nondo ili abebe magunia, mwingine madigadi la nyuma kalichora maua kwa rangi ya mafuta. Picha ninayoipenda kuliko zote niliipiga kwa fundi chini ya mwarobaini: beseni la maji yaliyochafuka, tyubu imezamishwa nusu, dole gumba la fundi limeganda pale penye pancha na mapovu yanapanda juu kwa mstari. Baiskeli yenyewe haionekani kabisa, lakini yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli juani anaielewa hapohapo.

Kuhusu mwanga, hapa ndo pa kuweka nguvu kuliko kununua simu mpya. Huku kwetu tuko karibu na ikweta, jua likichomoza halichelewi, linapanda juu moja kwa moja, kwa hiyo mwanga ule laini wa asubuhi ni wa muda mfupi sana, kuanzia saa 12 na kitu mpaka kwenye saa 2 hivi basi, baada ya hapo kila kitu kinakuwa cheupe na vivuli vinakuwa vyeusi tii. Jioni ni kuanzia saa 11. Mwezi wa 3 na wa 10 ndo balaa maana mchana jua linapita utosini kabisa, kivuli cha baiskeli kinajificha chini ya baiskeli yenyewe, wakati asubuhi kivuli hichohicho kinalala barabarani kirefu na unaona spoku zote zimejichora kwenye lami. Mimi mara nyingi napiga kivuli, baiskeli naiacha. Na kabla ya yote futa lenzi ya simu, vidole vinaacha mafuta pale, halafu gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri na ushushe mwanga kidogo kwa kidole. Usivute zumu, tembea usogee.

Baiskeli ina mwenyewe, kwa hiyo naomba. "Shikamoo mzee, baiskeli yako nimeipenda, naomba niipige picha." Wengi wanafurahi na wanaanza kukuhadithia waliinunua lini na imewalisha vipi, na hayo maneno ndo naandika chini ya picha kama ameridhia. Akikataa unashukuru unaondoka, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.

Sasa Insta yenyewe. Ilipoanza 2010 picha zote zilikuwa za mraba, mpaka 2015 ndo wakaruhusu za kusimama na za kulala, na toka mwanzoni mwa 2025 hata zile ndogondogo za kwenye ukurasa wako zimekuwa ndefu, kwa hiyo piga simu ikiwa imesimama na kitu chako kiweke katikati kisije kukatwa. Siku hizi unaweza kupandisha picha mpaka 20 kwa posti moja ila usizimalize, weka 3 au 4 zinazozungumza pamoja. Picha ukitumiwa na mwenzio kwa WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, la sivyo inafika imeminywa, na Insta nayo inaiminya tena, kwa hiyo nakala halisi ziweke sehemu nyingine, Insta isiwe ndo albamu yako.

Zile hesabu za laiki kaziondoe kwenye setingi, toka 2021 wameruhusu, na ni kweli inasaidia, unabaki unaangalia picha na komenti za watu wanaoongea na wewe. Kurasa zinazokuacha na wivu au kinyongo zinyamazishe, wenyewe hawajui. Na kwenye setingi washa ile ya kupunguza matumizi ya data maana video zikijichezea zenyewe bando linakatika hujaangalia hata picha moja ya maana.

Jambo la mwisho, safisha picha. Ikikukaa moyoni ipeleke studio waisafishe kwenye karatasi, moja yako na moja ya mwenye baiskeli. Yule fundi wa mapovu nilimpelekea yake akaigandika kwenye boksi lake la spana, na toka hapo wateja wake wenyewe wananiita nije nipige za kwao. Ukienda studio wapelekee faili halisi kwenye flashi, siyo ile uliyoishusha kutoka Insta, na waambie mapema wasikate pembeni.