Ninunue Mercedes Sasa au Nisubiri Januari?

Swali

Shikamoo Mzee wa Gereji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Segerea na kazini ni Posta. Mwaka wa sita huu naendesha Toyota IST, haijanilaza njiani hata siku moja. Kwa kikoba na akiba nimefikisha milioni 20, na IST yangu kuna mtu yuko tayari kunipa milioni 9. Dalali mmoja wa Kinondoni amenionyesha Mercedes C200 ya mwaka 2012, rangi ya fedha, namba ya usajili D, kilometa 88,000. Anataka milioni 27, anasema bei inaongeleka, ila nisipoichukua kabla ya katikati ya Desemba itakwenda kwa sababu watu wanatafuta magari ya kwenda nayo Moshi. Kwetu ni Rombo. Baba yangu amezeeka, natamani anione nimefika nyumbani na gari la heshima. Mume wangu anasema tusubiri. Je, ninunue? Na nikinunua, nikae nayo miaka mingapi ndipo niiuze bila kuumia?

*Mama wa Wawili, Tabata Segerea*

Jibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili. Hilo la kutaka baba akuone ni jambo zito, nami sitakuambia uliweke pembeni. Tutalirudia.

Dalali hajakudanganya kuhusu Desemba. Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba, kila mwenye kwao Kilimanjaro na mwenye hela kidogo anataka gari la kupandia nalo, na wenye magari wanalijua hilo. Sasa hesabu wiki nne mbele. Januari ina ada, sare, madaftari, na wengine kodi ya nyumba ya miezi sita. Baadhi ya walionunua Desemba wanapiga simu kwa dalali yule yule aliyewauzia. Nimekaa miaka mingi mtaa wa Gerezani hapa Dar nikifanya umeme wa magari, na msimu huo nimeuona ukijirudia: kuanzia wiki ya mwisho ya Januari hadi Februari inaisha, mwenye fedha taslimu ndiye anayesikilizwa. Mercedes hiyo ikiwa bado haijauzwa, utaikuta imepungua. Ikiwa imeuzwa, zipo nyingine. C200 za umri huo hazijaadimika Dar es Salaam.

Lakini msimu si jambo linalonitia wasiwasi kwenye barua yako. Una milioni 29 na gari ni milioni 27. Toa gharama za kubadilisha jina TRA, toa bima kubwa, unabaki na nini?

Gari la kifahari likizeeka, bei yake inashuka, bei ya spea zake haishuki. Mwenye kwanza alilinunua kwa fedha nyingi, akabeba hasara kubwa ya miaka ya mwanzo. Wewe unalipata kwa bei ya Toyota ndogo iliyo mpya kidogo, ila gia boksi ni ile ile ya gari la mamilioni mengi, na muuza spea hakuulizi ulilinunua kwa shilingi ngapi. Kwa hiyo mimi huwaambia watu wangu: theluthi ya fedha yako ibaki ya matengenezo, isiingie kwenye bei ya gari. Kwa milioni 29, gari lisizidi milioni 19. Na ukiniuliza ningefanya nini mimi kwa fedha hiyo, ningechukua Toyota Crown Athlete iliyotunzwa. Ina utulivu barabarani, viti ni vya kupumzikia, na kila kipuri chake utakipata Kariakoo kabla ya saa sita mchana. Najua hukuniuliza Crown. Nimekwambia kwa kuwa ndivyo ninavyoamini.

Kama moyo umeshakwenda kwa Mercedes, basi ikaguliwe hivi. Nenda alfajiri, na mwambie dalali mapema kwamba hutaki gari liwashwe kabla hujafika. Shika boneti, iwe baridi. Washa, usiongee na mtu, sikiliza sekunde tano za mwanzo. Injini ya M271 iliyomo kwenye nyingi za C200 za umri huo inajulikana kwa cheni ya taimingi kulegea na meno ya gia za kemshafti kulika. Ikianza na mlio wa kukereza kisha ukanyamaza, hiyo ni kazi ya kufungua injini, na bei yake inatoka kwenye bei ya gari au unaondoka. Zima, toa ufunguo, rudisha, zungusha. Fanya hivyo mara kadhaa. Mercedes za toleo hilo zina kufuli ya usukani inayoendeshwa na mota ndogo ya umeme, na mota hiyo ikifa ufunguo haufanyi kitu, gari linakaa pale pale kama jiwe. Kisha lipimwe kwa kompyuta na fundi uliyemleta wewe, asiwe wa dalali. Mwombe aangalie pia kama kuna makosa yaliyofutwa karibuni, maana taa ya dashibodi huzimwa asubuhi ya siku ya mnunuzi.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, utazame sehemu ambayo huwa imejikunja ndani. Ukiona mstari wa tope, gari hilo lilizama. Mvua za Dar unazijua. Maji yakiingia kwenye sedani ya Kijerumani yanafika kwenye viunganishi vya waya chini ya zulia, na tatizo lake huja miezi sita baadaye, likihama kutoka taa kwenda kioo, kutoka kioo kwenda gia. Mimi ni fundi wa umeme na nakusihi: la mafuriko usilichukue hata kwa nusu bei.

Karatasi nazo. Kadi iwe halisi na jina lake lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiambiwa kadi iko benki, maana yake gari ni dhamana ya mkopo. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari. Kosa moja ni shilingi 30,000, na nimeona gari lenye makosa zaidi ya kumi ambayo mwenye gari mwenyewe hakuwa na habari nayo.

Sasa hilo la kuuza. Hapa nitakueleza yangu.

Mwaka 2014 nilinunua sedani ya Kijerumani yenye shokapu za upepo. Nililipenda gari lile. Jumapili nilikuwa nalipiga polishi mwenyewe, mtoto asiguse. Agosti 2017 mteja wangu mmoja alisimama kando yake mlangoni pa gereji akaniambia, mzee, milioni 24 leo hii. Gari lilikuwa zima kabisa, halina hata taa moja ya dashibodi, na nikamjibu kwamba halina tatizo kwa nini niliuze. Masika iliyofuata, asubuhi moja nililikuta limelala mbele kulia. Mfuko wa mpira wa shokapu ulikuwa umepasuka kwa uzee na joto. Nikachelewa kuubadilisha, mwezi na zaidi. Mfuko ukivuja, kompresa, ile pampu inayojaza upepo, inafanya kazi bila kupumzika ili gari lisimame, na kompresa haikutengenezwa kwa kazi hiyo, inaungua. Nikanunua mfuko, nikanunua kompresa. Mwisho wa mwaka gia ya tatu ikaanza kugonga. Nikatengeneza tena, nikijiambia kwamba nimeshaingiza fedha nyingi siwezi kuacha. Novemba 2019 nililiuza kwa wakata magari Ilala, milioni 7. Nilisimama pale nikaona milango inang'olewa. Mke wangu aliniuliza jioni ile ada ya mtoto wa chuo iko wapi, nikakosa jibu. Bado linaniuma.

Siku ya kuuza ilikuwa ile ya Agosti, gari likiwa zima na mimi sitaki. Kwa hiyo wewe, ukinunua Februari, nunua na daftari. Andika kila shilingi inayoingia kwenye gari hilo isipokuwa mafuta ya kutembelea. Matengenezo ya miezi 12 yakifika robo ya bei ambayo ungeliuza leo, weka tangazo wiki hiyo hiyo, usingoje kifaa kinachofuata. Hata yasipofika, gari la 2012 usikae nalo zaidi ya miaka mitatu. Likizidi hapo wanunuzi wa kulitumia wanaisha, wanabaki wanunuzi wa vipande. Na uliuze Novemba, wakati ule ambao sasa hivi dalali anautumia dhidi yako. IST usiiuze mpaka jingine liwe uani kwako; IST haina msimu, hata Januari inatoka.

Safari ya Krismasi nenda na IST. Badilisha oili, kagua matairi, breki na rejeta. Kutoka Dar hadi Himo unapita Chalinze, Segera, Korogwe, tambarare zote zile za Same kwenye jua, zaidi ya kilometa 500, na gari ulilolinunua wiki iliyopita hulijui bado. Hujui linakunywa oili kiasi gani wala joto linapanda mpaka wapi kwenye mlima wa Rombo ukiwa na watoto nyuma. Mercedes hiyo, au mwenzake, utakuwa umeizoea ifikapo Pasaka. Mpigie baba umwambie utakuja tena Pasaka. Nadhani atafurahia zaidi kukuona mara mbili kuliko kuona rangi ya fedha.

Swali

Kaka, nina Range Rover Sport ya 2011, dizeli. Asubuhi nalikuta limeinama mbele kushoto, nikiwasha linapanda lenyewe. Mtu wa Goba ameniahidi milioni 42. Nilitengeneze kwanza au niuze hivi hivi?

*Msomaji wa Mbezi Beach*

Jibu

Ndugu yangu, umesoma yaliyonikuta hapo juu. Kompresa yako bado inaliinua, maana yake bado iko hai, na kila asubuhi unayoliwasha likiwa limeinama unaisogeza karibu na kifo. Badilisha mifuko ya mbele wiki hii, yote miwili, maana wa kulia una umri ule ule na joto ni lile lile. Tunza risiti.

Kisha mwambie mtu wa Goba ukweli: lilikuwa linainama, nimebadilisha, risiti hii hapa. Atakuamini na mengine utakayomwambia. Ukimficha, akilikuta limelala getini kwake wiki ya pili, mtaonana tena na hamtaonana kwa heri.

Zaidi ya hapo usitengeneze kitu kwa ajili ya kuuza. Viti vilivyochakaa, mkwaruzo wa bampa, redio, hivyo mnunuzi anaviona na ameshavipigia hesabu kwenye milioni 42 zake. Oili ya gia boksi nayo, kama una kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, mpe. ZF, watengenezaji wa gia boksi ya aina hiyo, wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000 au kila miaka 8, hata kama umeshaambiwa ni oili ya maisha. Mnunuzi anayejua magari atakuuliza. Uza mwezi huu.

Swali

Mzee, namba E ina maana gari ni jipya kuliko namba D? Nimeona BMW namba E inauzwa ghali kuliko ya namba D na naona zinafanana.

*Kijana wa Sinza*

Jibu

Hapana, mwanangu. Herufi kwenye kibao inakuonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini. BMW ya 2008 iliyoshuka bandarini juzi itavaa E, na ya 2014 iliyoingia miaka kadhaa nyuma itabaki na D. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi, na namba ya chesisi haidanganyi, mwambie fundi akusomee.

Linaloitofautisha namba E ni kwamba haijapigwa sana na barabara zetu, na hilo lina thamani, lakini ulizia limetokaje. Japani gari jipya linakaguliwa kwa lazima likifikisha miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama, ndiyo maana wengi huko huuza miaka ya 3, 5 na 7 kabla ya kulipia tena. Gari lililokuja kutoka huko lina karatasi ya mnada yenye alama: 4 na 4.5 ni nzuri, R ni lililogongwa likatengenezwa. Cheti cha kulifutia usajili nacho huandikwa kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi. Ukiona cheti kinasema 96,000 na dashibodi inasema 61,000, rudisha ufunguo.

Na kama unafikiria kuagiza mwenyewe badala ya kununua yadi, kumbuka TRA wana ushuru wa umri juu ya kodi nyingine: gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. BMW mbili zinazofanana, moja ikiwa na miaka 7 na nyingine 9, zinaweza kukufikia hapa kwa bei moja. Piga hesabu ya zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata dola moja, na uanze na ile yenye miaka 7.