Lushoto kwa IST: vivutio baadaye, kwanza jua namna ya kushuka

Mkuu, umeuliza vivutio vya siku tatu Lushoto, pa kulala, msosi, na kama IST, kigari kidogo cha Toyota, itafika ikiwa na watu watano wakati wa Pasaka. Halafu mwishoni, kama vile ni kitu kidogo, umeandika kuwa kuna jamaa kakushauri wakati wa kurudi uweke gari frii (gia ya N) hadi Mombo kule chini uokoe mafuta. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Usiweke frii. Wala usishuke na D, gia ya kawaida ya otomatiki, huku mguu umelala kwenye breki.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo kama 400. Kwa hiyo ndani ya zile kilomita 33 za lami unashuka karibu kilomita nzima ya kimo, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Nguvu ya uzito wote wa gari, watu na mabegi inageuka joto kwenye diski na pedi za breki. Ukikanyaga kidogokidogo bila kuachia, hazipati nafasi ya kupoa. Inaanza harufu kali ya kuungua, nawe unadhani ni ya lile Fuso lililo mbele. Kisha pedali inakuwa ngumu lakini gari halipungui mwendo: hapo pedi zimezidiwa. Pedali ikiwa laini na kuzama, hapo mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo unakanyaga hewa. Yako yalibadilishwa lini? Kama ni yaleyale yaliyokuja na gari bandarini, anzia hapo kabla hujawaza hoteli.

Na hiyo hoja ya kuokoa mafuta ni uongo mtupu. Injini ya EFI, yaani ile ambayo petroli yake inapulizwa kwa amri ya kompyuta, gari likiwa kwenye gia kwenye mteremko na mguu umeachia mafuta, kompyuta inakata petroli kwenye nozeli. Magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka frii, inabidi ichome petroli ili isizime. Yaani unalipia ili usiwe na breki ya injini! Aliyenipa mimi ushauri huohuo ni mjuaji wa gereji, anaongea kama ndiye aliyeichonga ile barabara. Breki zikaungua, na diski mbili na seti ya pedi sikumwona akichangia. Na ndiyo, zile diski nilizimwagia maji zikiwa za moto, zikapinda, kila nikikanyaga breki usukani unatetemeka kama una malaria. Chekeni mmalize, tuendelee.

Gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Otomatiki nyingi zina 2 na L chini ya D; nyingine zimeandikwa S na B. Weka 2 mapema, mteremko haujaanza. Panapokuwa pakali zaidi, punguza kwanza hadi 20 au 30 kwa saa ndipo utie L, si ukiwa 60. Injini itanguruma, abiria watashtuka. Iache ingurume, mshale wa mizunguko ukifika 3,000 au 4,000 haijafa. Breki ni ya kabla ya kona: kanyaga kwa uhakika, mwendo upungue, achia kabisa. Kosta ikikupigia honi nyuma, ipishe. Dereva wake anazijua zile kona kwa majina.

Soni iko katikati ya safari, simama pale. Maporomoko yanaonekana kutoka barabarani, watoto wapige picha, breki zipumue dakika kumi na tano. Ukisikia harufu popote, egesha upande wa mlima, jiwe chini ya tairi, subiri nusu saa. Maji hapana, nimeshakwambia.

Vivutio, haya. Irente, kama kilomita sita kutoka mjini, unasimama ukingoni na Mazinde iko chini kabisa ya miguu yako. Nenda jioni, jua linazamia upande huo. Shambani Irente kuna jibini na mkate, msosi huo. Msitu wa Magamba unatembea kwa miguu na mwongozaji.

Mtae ni pazuri kuliko pote, ila ni zaidi ya kilomita 60, sehemu kubwa vumbi, na Pasaka ni masika: ule udongo mwekundu ukinyeshewa ni sabuni. IST iache mjini, kodi gari la 4x4 pamoja na dereva mwenyeji. Na wakati wa kurudi, kaa kiti cha mbele umchungulie kaweka gia gani.