Nilimtoa mwanafunzi wangu mbele ya wenzake, sasa kapotea. Je, dhambi zake naandikiwa mimi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa Qur'ani. Nilikuwa na kijana wa miaka 16, akili yake sijawahi kuona, kurasa mbili anazishika kati ya adhuhuri na alasiri na jioni anakusomea hakosei hata irabu, sauti ndo usiseme, alishafika juzuu ya 22. Kwao kulikuwa na matatizo kidogo. Akaanza kuchelewa, akaanza uongo, siku moja kaja ananuka sigara nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia Qur'ani haikai kwenye chombo kichafu, toka. Akatoka. Huu mwaka wa 3, nasikia anatumia madawa. Msahafu wake bado ninao, uzi wake wa alama upo Yasin. Silali sheikh, nataka niache kufundisha. Dhambi zake naandikiwa mimi? Toba yangu ikoje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh ustadh wangu.

Nianze na lile lililokunyima usingizi. Hapana, madawa anayotumia huandikiwi wewe. Allah kasema mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine, na aya hiyo ipo Suratu Fatir, ya 18, ndani ya hiyo hiyo juzuu ya 22 aliyokusomea kijana wako. Na kuongoka kwake pia hakuko mkononi mwako. Mtume (s.a.w) alikaa na ami yake Abu Talib saa ya mauti, mtu aliyemlea na kumkinga na Makuraishi, anamsihi atamke neno moja tu na hakulitamka, ikashuka aya kwamba wewe humuongoi umpendaye bali Allah humuongoa amtakaye. Kwa hiyo mzigo huo utue.

Ila kuna mzigo mwingine ni wako kweli na sitakufichia, maana nikikuambia "usijali ustadh, ulikuwa unalinda darasa" nitakuwa nimekudhulumu na wewe.

Swali lako nimelisoma mara nne. Akili yake na sauti yake umezieleza kwa kirefu, mpaka muda wa kuhifadhi umeutaja. Kuhusu nyumbani kwao umeandika maneno matano. Ndugu yangu, hapo ndipo penyewe. Sisi walimu mtoto mwenye kipaji tunampenda kwa kile kinachotoka mdomoni mwake, tunahesabu juzuu, tunamsimamisha mbele ya wageni asome, roho inafurahi, halafu siku akija na macho mekundu tunaona ametuharibia sisi. Hakuna aliyemuuliza jana alilala wapi. Na mimi nasema haya nikiwa mkosa vilevile, nina kijana wangu nilimuuliza muraja'a (kurudia alichohifadhi) kila siku na sikumuuliza hata siku moja kama kala, nikaja kujua mambo ya kwao alipokwisha kuondoka.

Sahaba Muawiya bin al-Hakam alizungumza ndani ya swala kwa kutojua, watu wakamkazia macho wakawa wanapiga mapaja kumnyamazisha, Mtume alipomaliza akamfundisha kwa upole, na yeye mwenyewe anasimulia, ipo kwenye hadithi za Imam Muslim, kwamba hakuona mwalimu bora kuliko Mtume kabla wala baada, hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana. Sasa utasema huyo hakujua, wangu alijua. Sawa. Basi chukua huyu wa kwenye hadithi za Imam Bukhari: kulikuwa na mtu jina lake Abdullah, wakimpa lakabu ya Himar, yaani punda, alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w), na alikuwa analewa. Akaadhibiwa. Akaletwa tena kwa kosa lilelile, mtu mmoja akasema Ee Allah mlaani, mara ngapi huyu analetwa! Mtume akamkataza, akasema msimlaani, wallahi nijualo ni kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Ona hapo, adhabu haikufutwa, pombe haikuitwa maziwa, lakini kile kizuri kilichokuwa ndani ya yule mtu kilitajwa mbele ya wote. Wewe ulitaja uchafu mbele ya wote. Hilo ndo kosa lako, sio kumuadabisha.

Toba unazijua sharti zake, kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja basi umrudie mwenyewe. Mtume kasema aliyemdhulumu ndugu yake heshima yake au kitu chochote aombe radhi leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirham. Kwa hiyo kulia usiku ni kheri lakini hakutoshi, nenda. Nenda mwenyewe, usitume mtu, usitume meseji. Na ukifika usianze na nasaha hata kidogo. Mwambie nilikukosea siku ile, nisamehe, basi, unyamaze. Akikutukana pokea. Akikataa kukusamehe umetimiza lako, endelea kumuombea. Na kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele ya darasa, simama mbele ya darasa useme mwalimu wenu alikosea, hao waliobaki nao waliliona na wanalo moyoni.

Madawa yenyewe ni maradhi, tusidanganyane, kisomo kina baraka zake lakini anahitaji na tabibu, na ukiweza kumshika mkono ukakaa nae kwenye benchi la hospitali hiyo ndo darsa yako kwake kwa sasa.

Kuacha kufundisha hapana. Utawaachia nani hao wengine, na mmoja wao pengine leo hajala?

Halafu ule msahafu. Ni amana, sio kumbukumbu yako, mpelekee. Uzi usiuguse, uache hapohapo Yasin. Usimwambie asome. Akiufungua mwenyewe akaanza, hata akibabaika kila aya, we mshikie taratibu kama siku ya kwanza alipokuja kwako hajui alifu.

Wallahu a'alam.