Kona ya Fundi: Kompyuta ya babu ina picha ya nyumba, nibonyeze wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa mwalimu wa baiolojia, alifariki mwaka jana, sasa kwenye stoo yake huku Tabata tumekuta kompyuta ndogo kama TV ya chogo, imeandikwa Macintosh SE, imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, na boksi la viatu limejaa flopi. Alipewa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Tumeiwasha ikaleta picha ya nyumba na vijipicha vingine, nikabonyeza kimoja nikakuta kadi ya muarobaini kachora na jani, ukibonyeza jani unaenda kwenye kadi ya mbegu, ukibonyeza jina la ugonjwa unapelekwa kwenye miti mingine. Fundi mmoja Kariakoo kasema hiyo ni databesi, mwingine kasema ni PowerPoint ya kizamani tuuze chuma chakavu. Nani mkweli? Mjukuu, Tabata

JIBU: Marahaba mjukuu, na poleni sana. Kwanza usimuuzie mtu wa chuma chakavu chochote mpaka umalize kusoma hapa.

Hiyo picha ya nyumba imeniambia kila kitu. Hiyo ni HyperCard, programu ya Apple iliyotoka Agosti 1987, na aliyeiunda ni Bill Atkinson, yule yule aliyeandika MacPaint, programu ya kuchora. Lugha yake ya amri, HyperTalk, ilitengenezwa na Dan Winkler. Atkinson aliwawekea Apple sharti moja, programu itoke bure na kila Macintosh mpya, ndo maana hata mashine ya padri ilikuwa nayo bila mtu kuinunua.

Sasa hao mafundi wawili, wa kwanza kakaribia. Databesi tunazozijua ni jedwali, safu na mistari, kila mteja ana mstari wake na mistari yote imevaa sare. HyperCard haikuwa na jedwali, ilikuwa na kadi. Fikiria zile kadi za kliniki zilizopangwa kwenye boksi pale dirishani kwa nesi, kila mtu na kadi yake, sehemu za kuandika ziko pale pale kwenye kila kadi lakini kilichoandikwa ni tofauti. Hapo ni databesi, ndiyo. Ila sasa fikiria unaigusa kadi ya mtoto palipoandikwa jina la mama yake na kadi ya mama inaruka yenyewe mezani. Hiyo ndo haipateksti, maneno yenye mlango. Weka na picha, weka na sauti, na ujue yote hayo yanafanyika kwenye skrini nyeusi na nyeupe ya inchi 9 yenye nukta 512 kwa 342, kwenye mashine iliyotoka na memori ya megabaiti 1. Simu yako hiyo hiyo uliyonitumia picha ina memori maelfu ya mara zaidi ya hapo.

Huyo wa PowerPoint tumsamehe. PowerPoint kazi yake kubwa ni kupanga slaidi moja nyuma ya nyingine kama mabehewa, kadi za babu yako zinaenda popote alipoamua babu yako.

Na hapa ndo penyewe, mana ake najua utaishia kuangalia picha tu. Babu yako hakuwa mtu wa kompyuta, si ndiyo? Alikuwa mwalimu wa baiolojia. Lakini kila batani unayobonyeza kaiweka yeye kwa mkono wake na ndani yake kaandika amri, na wewe unaweza kuzisoma. Shikilia vitufe vya Command na Option kwa pamoja, batani zote zitajitokeza kwa mistari, bonyeza moja bado umeshikilia, utaona maandishi kama on mouseUp, chini yake go to card "Muarobaini", chini tena end mouseUp. Yaani ukibonyeza, nenda kadi ya Muarobaini, basi. Ikigoma bonyeza Command na M, kitakuja kiboksi chembamba, andika set userLevel to 5 halafu enta. HyperCard ilikuwa na ngazi tano, ya kwanza unatazama tu, ya pili unaandika, ya tatu unachora, ya nne unaunda batani na sehemu za kuandika, ya tano unaandika amri zenyewe. Mtu alianza kama msomaji akaishia mtengenezaji bila kubadilisha programu, mimi mpaka leo hicho kitu nakitafuta kwenye hizi simu na sikipati. Leo ukiipenda programu ya simu utaitumia miaka kumi na hutajua batani moja imeandikwa nini ndani.

Usishangae amri ikikosekana kwenye batani na bado inafanya kazi. Ukibonyeza, ujumbe unaanzia kwenye batani, ikiwa haina jibu unapanda kwenye kadi, kadi nayo haina unaenda kwenye mandharinyuma yanayochangiwa na kadi nyingi, halafu rundo zima, yaani faili lenye kadi zote, halafu ile Nyumba mliyoiona mwanzo. Kama mtoto kaomba nauli kwa kaka, kaka hana anamwambia kamuulize mama, mama anasema kamuulize baba. Kwahiyo babu anaweza kuwa kaandika mara moja kwa kadi zote.

Sasa tahadhari, na hizi soma mara mbili. HyperCard haikuulizi kama unataka kuhifadhi. Unachoandika au kufuta kinaenda kwenye diski hapo hapo. Mimi miaka ya 90 kwenye ofisi moja Upanga nilipewa rundo la anwani za watu niliweke sawa, nikafuta kadi kwa majaribio nikijua nikitoka itaniuliza ndiyo au hapana kama programu nyingine zenye adabu, nikatoka, haikuuliza, kadi hazikurudi, na wiki nzima nilikaa na daftari napigia watu simu ya mezani kuomba anwani zao upya. Kwahiyo kabla ya kuingiza flopi yoyote igeuze, kuna kitelezo kidogo kwenye kona, kisogeze mpaka tundu libaki wazi. Tundu wazi maana yake hakuna kuandika juu yake.

Pia usiifungue mashine. Ile ni chogo kweli, ndani kuna umeme mkali unaobaki hata ukiwa umechomoa waya, mpe fundi wa TV za zamani anayejua kuutoa, na akishafungua mwambie aangalie betri ndogo ya saa kwenye bodi, huwa zinavuja na kula bodi yote. Na kibandiko cha nyuma je, mlikisoma kabla ya kuchomeka? Mzigo uliotoka Marekani unaweza kutaka volti 110 na TANESCO anakupa 230.

Kuhusu kuhamisha. Flopi nyingi za mashine hiyo ni za kilobaiti 800, na msomaji wa flopi wa USB unaouzwa Kariakoo hauzisomi hata ukiupigia magoti, kwa sababu Macintosh ilikuwa inabadilisha mwendo wa kuzungusha diski kutegemea kichwa kiko ukingoni au katikati. Flopi sio mbovu, msomaji ndo hajui lugha. Njia rahisi ni kutafuta Macintosh ya katikati ya miaka ya 90 yenye mlango wa flopi, hiyo inasoma za 800 na pia za megabaiti 1.44, unanakili kutoka huku kwenda kule halafu ile ya 1.44 ndo unaileta kwenye USB. Au kuna vibodi vya kisasa kama Greaseweazle vinavyofungwa kwenye mlango wa flopi wa kawaida na kusoma sumaku yenyewe ilivyo. Anza na flopi zilizoandikwa kwa mkono wa babu. Za programu za dukani zinaweza kusubiri, zipo kwingine duniani, za muarobaini zipo kwako tu.

SWALI: Mzee wa kona, nipo chuo, lekchara alisema haipateksti ilianza na wavuti wa Tim Berners-Lee, mimi nikasema hapana nikachekwa. Nitetee. Mchekwaji, Ubungo

JIBU: Waliocheka watakununulia chipsi. Berners-Lee aliandika pendekezo lake kule CERN, maabara ya fizikia Uswisi, Machi 1989, na HyperCard wakati huo ina mwaka na nusu mitaani. Kabla yake kulikuwa na Guide, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Kent Uingereza mwaka 1982 na ikaja kuuzwa kwa Macintosh mwaka 1986. Neno lenyewe la haipateksti alilitunga Ted Nelson miaka ya 60, akalichapisha 1965. Douglas Engelbart aliwaonyesha watu viungo vya kubonyeza, pamoja na mausi, San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Na wazo la nyuma kabisa watu hulirudisha kwa Vannevar Bush, 1945, aliyefikiria meza yenye filamu ndogo ambapo msomaji anaunganisha ukurasa na ukurasa. Kama unataka ushahidi wa nyumbani fungua kamusi, ukikuta "taz." umekutana na kiungo, tofauti kidole ni chako na kurasa unazifunua mwenyewe. Hata menyu ya kutuma hela kwenye simu, bonyeza 1, bonyeza 4, ni ukoo huo huo wa matawi.

Kitu ambacho Berners-Lee aliongeza ni waya. Kadi za HyperCard zilipigiana simu ndani ya mashine moja tu, haziendi ng'ambo. Atkinson mwenyewe baadaye alikiri kwamba hapo ndo aliteleza, angekuwa amelelewa kwenye kampuni ya mitandao labda kingetoka kivinjari cha kwanza. Apple nao wakaipeleka kwa kampuni tanzu yao Claris, Macintosh mpya zikaanza kuja na toleo la kutazama tu, ile ngazi ya tano ukitaka lipia, na rangi haikuwahi kukaa vizuri. Maoni yangu, walipoondoa ile ngazi ndo waliiua, mauzo yaliyosimamishwa 2004 yalikuwa mazishi tu.

SWALI: Kwa nini sisi huku hatukuziona hizo kompyuta za nyumbani miaka ya 80? Mama Jei, Mbagala

JIBU: Dada, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. Wenzetu Uingereza mwaka 1986 watoto wa shule wanaandika habari za vijiji vyao kwenye diski za leza za mradi wa BBC Domesday, zaidi ya watu milioni 1 walichangia, huku televisheni tu Bara tumeipata 1994. Ila usiwaonee wivu sana. Mradi ule ulikuwa kumbukumbu ya miaka 900 ya kitabu cha Domesday cha 1086, kile kilichoorodhesha ardhi na mali za Uingereza, na miaka kama 15 baadaye mashine za kusomea diski zile zilikuwa zimeadimika mpaka wataalamu wakaingia kazi ya kuokoa maandishi yale, huku kitabu cha ngozi kinasomeka vile vile.

SWALI: Fundi sina Macintosh ila nimetamani. Naweza kujaribu kwenye laptopu? Bando langu dogo. Kinda, Sinza

JIBU: Unaweza. Internet Archive tangu 2017 wameweka marundo mengi ya HyperCard unayafungua humo humo kwenye kivinjari, na mafaili yenyewe ya enzi hizo ni madogo. Ukitaka kutengeneza ya kwako bila intaneti tafuta Decker, ni mpya, ya bure, imeigwa kwenye umbo lile lile la kadi nyeusi na nyeupe. Anza na kadi tatu. Ukikwama niandikie na useme umekwama kadi ya ngapi.

Mjukuu wa Tabata, ukishazisoma zile flopi niambie babu aliandika nini kwenye kadi ya mlonge.