Barua kwa mwanangu: kuhusu kuacha kazi na kwenda kujitolea Msumbiji

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Swali lako nimelitafakari kwa siku kadhaa: je, uache uhandisi wa maji hapa mjini, kazi uliyoifikia kwa jasho, ukajitolee miaka miwili katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Niassa, upande wa Msumbiji?

Mimi naona uende. Nafurahi kwamba unataka kwenda sasa na si pale ulipomaliza chuo, kwa sababu wakati ule wanakijiji wangekuwa walimu wako kwa gharama yao, ilhali leo unaweza kuitazama bajeti ya kisima na kusema mapema mahali kitakapokwama. Tena mji huu ndio uliokuwa nyumbani kwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoundwa mwaka 1962. Msumbiji kwetu si ugenini kabisa.

Hata hivyo, kabla ya kukubali, uliza ni nani hasa aliyekuomba, na kazi hiyo itabaki mikononi mwa nani. Katika miaka yangu ya ubwana afya niliona pampu za mkono zilizofungwa na watu wenye nia njema kabisa, zikasimama kwa kukosa kipande cha mpira, na akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Pampu ya mkono ya Afridev unaijua kuliko mimi: ilibuniwa ili mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe kwa spana moja na kubadilisha mpira wa pistoni bila kumsubiri fundi wa wilaya. Lakini mpira huo usipopatikana dukani karibu, na kamati ya maji ikiwa haina akiba, ubunifu wote huo hauna faida. Kama umepangiwa kufunga pampu tu, mafundi wa Lichinga, makao makuu ya mkoa huo, wanatosha, na ni afadhali ubaki hapa uwatumie sehemu ya mshahara wako. Kama ni kuwafundisha mafundi wa vijijini, kuzisimamisha kamati na kutafuta njia ya vipuri kufika, hapo unahitajika kweli. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kwenye redio, wakasikiliza somo, wakabishana, kisha wakachimba vyoo vyao wenyewe; kujitolea kwa namna hiyo ndiko ninakokuamini.

Kireno anza kukisoma sasa, maana ndiyo lugha ya ofisi huko, lakini Kinyanja, lugha ya wanakijiji wa mwambao, usikidharau, kwa kuwa habari za kisima utazipata kisimani.

Kuhusu ajira, usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujaomba likizo bila malipo na kujibiwa kwa maandishi. Pensheni inahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, nawe hujaifikisha. Nenda ofisi ya mfuko wako wa hifadhi ya jamii uulize miaka hiyo miwili itahesabiwaje. Ada za wanao nazo ziwekwe kando kabla ya safari, zisije zikategemea posho ya kujitolea.

Mama yako anahofia umbali. Mimi nahofia malaria na barabara za masika. Mkataba ukifika, uje nao Jumapili tuusome sote watatu, hasa kifungu cha bima, tujue ni nani atakayelipa kukufikisha hospitali kubwa ukiugua huko.

Baba yako