Vipimo safi, mwili wote unauma

Dadangu wa Kisauni, pole sana. Umeuliza kama maumivu haya ya mwili mzima, ambayo daktari ameyaita faibromialjia, yanaweza kuhusiana na vipigo vya ndoa yako ya kwanza, na mbona vipimo vya damu vyote vyatoka safi.

Yanaweza, ndiyo. Mtu aliyeishi kwa hofu muda mrefu, mishipa yake ya fahamu huzoea kukaa macho. Hata hatari ikishaondoka, ubongo huendelea kukuza kila ishara: mtoto akikuegemea begani unaumia, kukuna nazi kunakuwa adhabu, na unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Misuli yenyewe haijaharibika, ndiyo maana damu haionyeshi kitu. Huyo wifi yako anayesema unadeka hajui asemalo. Lakini si kila mwenye faibromialjia aliwahi kuumizwa, wala si kila aliyeumizwa huipata, kwa hivyo usikubali mtu akuchimbe siri zako kwa kisingizio cha tiba.

Panadol zitakusaidia kidogo mno. Chenye ushahidi mkubwa ni mazoezi: anza kutembea dakika 10 ufuoni jioni maji yakitoka, uongeze polepole, na siku ukiamka vizuri usijitie kufua nguo za nyumba nzima. Ukienda Hospitali Kuu ya Pwani, omba uelekezwe pia kwa mshauri nasaha, na umuulize daktari kuhusu amitriptilini, dawa ya kupunguza maumivu na kusaidia usingizi, kwa dozi ndogo usiku. Kombe, yale maji ya kuoshea aya za Kurani zilizoandikwa, ukitaka kunywa, kunywa, bali miadi usiikose.